Chelewa Nilizozihamisha

Mwaka 1957, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, baba yangu aliyekuwa mkwezi aliteleza mnazini akaanguka, akavunjika nyonga. Hapo ndipo shida zilipotuanza. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu. La nne sikuliona. Nililima vibarua, nilibeba nazi, nilichoma chokaa, na miaka miwili baadaye nikasikia kwamba kilabu ya gofu ya Wazungu, huko nyuma ya Galu, inataka watu wa kubeba mifuko.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofundisha gofu kwenye mahoteli ya Diani. Mna mashine za kutema mipira, na wengine mna kamera. Mimi sina cheti hata kimoja, lakini nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, mahakimu na madaktari wakiwamo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sijui kazi. Kazi naijua. Ninachokionea haya ni namna nilivyoipata. Nilimnyang'anya mlamu wangu, mume wa dada yangu, na yeye hakujua. Nitayaeleza yote mawili, maana ukinifuata kwa moja bila ya kulijua la pili, nitakuwa nimekudanganya na wewe pia.

Kilabu ile haipo tena, pamejengwa nyumba za watu. Ilikuwa na mashimo tisa kati ya minazi na vichaka. Majani mazuri ya kuzungushia shimo hayakuota kwa ajili ya chumvi na jua, basi tulikuwa na brauni: duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukasawazishwa kwa ubao wa kuburura. Wakubwa walikuwa watatu. Kapteni alichaguliwa na wanachama. Katibu alikaa ofisini na kuandika watu kazi. Na Mwalimu, Mzungu mfupi wa Uskoti mwenye shingo nyekundu, ndiye aliyefundisha wanachama kupiga.

Siku ya kwanza Katibu aliniangalia mabega, akanipeleka kwa Mwalimu. Mwalimu hakunipa mfuko. Alinipa kikapu, akanionyesha uwanja wa mazoezi, akaniambia nikasimame kule mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwokotaji: kusimama mipira inapoangukia, kuikusanya, na kuirudisha. Akapiga kumi. Miwili iliingia kichakani nikaikosa. Nikarudi na kikapu, naye akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Habari ya mpira?"

Sasa nyinyi mnajua adabu ya kwetu. Mtu akikuuliza habari unajibu nzuri kwanza, hata kama nyumbani una mgonjwa hoi. Habari yenyewe huja baadaye, polepole, baada ya kuulizana watoto na shamba. Nikajibu, "Nzuri, bwana."

"Yote nzuri?"

"Yote nzuri."

Akahesabu mipira kikapuni. Akaenda mwenyewe mpaka kule mwisho, akazunguka, akarudi shingo imezidi kuwa nyekundu.

"Wewe hapana sema nzuri," akaniambia. "Mimi hapana taka salamu. Mimi nataka jua mpira iko wapi."

Kesho yake akanitaka nije na chelewa, vile vijiti vya ukuti tunavyofungia mafagio. Kila mpira uliposimama, nichomeke chelewa palepale, kisha niokote. Akimaliza kumi, alikuja mwenyewe kuzitazama. Nilidhani ni wazimu wa Kizungu. Ilinichukua mwaka mzima kufahamu kwamba pale ndipo elimu yote ya mazoezi ilipo.

Wanachama wengi walikuja jioni, wakachukua rungu kubwa la mti, wakapiga mipira sitini mfululizo, wakaenda kunywa wakiwa wamelowa jasho. Mwalimu aliita hiyo kazi ya kukung'uta mikeka. Yeye alipiga kumi. Kabla ya kila mpira alirudi nyuma hatua mbili, akatazama shabaha, akaanza upya, kwa kuwa mchezoni hakuna mtu anayekupa mpira wa pili. Kisha alikwenda kusoma chelewa. Zikiwa zimekusanyika pamoja upande mmoja, una ugonjwa mmoja, na dawa yake ni moja. Usiguse kitu kingine. Zikitawanyika kama kuku, basi huna pigo bado. Rudi karibu, upige nusu mkono, mpaka zikusanyike. Na nusu ya wakati wako uutumie kwenye brauni na pembezoni mwake, maana huko ndiko mapigo mengi huliwa. Ukihisi mikono imechoka, funga mfuko. Mkono uliochoka hujifunza makosa upesi sana.

Mlamu wangu Suleimani aliingia kilabuni mwaka uliofuata, na mimi ndiye niliyempeleka. Alikuwa amemwoa dada yangu Mwanasiti. Mtu mrefu, mikono mirefu, mwenye utani wa chinichini unaoucheka ukiwa umeshafika nyumbani. Jumatatu kilabu ilifungwa, na sisi makedi, yaani wabeba mifuko, tuliruhusiwa kucheza kwa fimbo kuukuu. Suleimani hakufundishwa na mtu. Alitazama tu. Katika miezi sita alitupiga wote, na mimi nikawa wa pili. Watu walinisifu kwa kuwa wa pili. Sifa ile ilikuwa ikiniwasha mwilini kama upupu, nami nikicheka nao.

Uhuru ulipokuja wanachama wengine walifunga virago, wengine wakakaa. Mwaka 1965 Kapteni mpya alisema haifai tena kilabu kukosa mwenyeji kwenye kazi ya maana. Mwalimu alitaka kurudi kwao. Basi atafutwe mwalimu msaidizi kati ya makedi, afunzwe, na Mwalimu akiondoka ashike nafasi yake. Kazi ile ilikuwa na mshahara wa mwezi, nyumba ya bati ndani ya kiwanja, na ruhusa ya kuvaa viatu na kuingia kwa mlango wa mbele. Hakuna mtu wa Munje, kijijini kwetu, aliyewahi kupata kitu kama kile.

Katibu alituita wawili. Alisema kutakuwa na jaribio Jumamosi ya pili: mipira kumi kwa chuma nambari tano, ile fimbo ya kati ya mfukoni, kuingia kwenye duara la chokaa, mbele ya kamati nzima. "Wa kwanza ni Suleimani," akasema akiangalia karatasi. "Mwalimu anamtaka yeye. Akishindwa, ni wewe, Bakari."

Tulitoka. Suleimani akanishika mkono, akasema, "Mlamu, tusaidiane. Mmoja wetu akipata, ni nyumba moja."

Tukakubaliana kukutana kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla wanachama hawajaamka. Yeye apige, mimi nichomeke chelewa. Kisha mimi nipige, yeye achomeke. Uwanja wa mazoezi ulielekea baharini, na saa ile jua hutoka mbele ya uso wako. Unaupiga mpira, unauona unapanda, kisha mwanga unaumeza. Unapoangukia huoni. Anayeona ni yule aliyesimama kule mwisho.

Siku ya kwanza, mipira ya Suleimani ilikuwa inapinda kushoto mwishoni. Si sana. Hatua tatu, mara nyingine nne. Nilijua sababu: mkono wa kulia ulikuwa unauwahi wa kushoto, ukafunga uso wa fimbo. Ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja, na dawa yenyewe ni ya asubuhi moja tu. Lakini alikuwa hajalala. Mtoto wao alikuwa na homa, na macho ya mlamu wangu yalikuwa mekundu. Nikaona akija na chelewa zote ziko nje, atavunjika moyo. Nikazing'oa saba, nikazichomeka ndani ya duara tulilolichora. Alipofika akazitazama, akacheka peke yake. "Habari ya mpira, mlamu?" akaniuliza. Alikuwa anamwigiza Mwalimu.

"Nzuri," nikamjibu.

Siku ile ilikuwa huruma. Naapa ilikuwa huruma. Siku ya pili mtoto alikuwa amepona, mlamu wangu amelala vizuri, na mipira bado inakwenda kushoto, nami nikazihamisha tena. Nikazihamisha siku ya tatu na ya nne, mpaka mwisho wa wiki mbili. Hiyo haikuwa huruma. Nilikuwa nimeshaiona ile nyumba ya bati nikiwa ndani yake. Nilijiambia kwamba sifanyi neno, kwamba sijamgusa, kwamba namtia moyo tu kama mtu muungwana. Hakuna adabu niliyoipenda maishani mwangu kama ile ya kusema nzuri, katika wiki zile mbili.

Na yeye? Yeye alichomeka chelewa zangu mahali pake. Siku ya tano aliniita nije nitazame. Zote zilikuwa zimepungua, hazijafika duarani.

"Mlamu, unaogopa," akaniambia. "Unaukata mkono kabla haujamaliza safari. Uache uende mpaka begani." Akanisimamisha, akanishika viwiko kwa nyuma, akanionyesha. Kesho yake mipira yangu ilifika. Pigo nililopatia kazi ni yeye aliyenipa.

Jaribio lilikuwa baada ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa nyuma yetu, na kila mtu aliuona mpira mpaka unapotua. Kamati ilikaa kwenye viti vya turubai. Makedi wote walisimama kando.

Mpira wa kwanza wa Suleimani ulikwenda mzuri, kisha ukapinda kushoto, ukatua nje ya chokaa. Akatazama fimbo. Wa pili vilevile. Akatazama mikono yake. Kwa wiki mbili hakuwa ameliona pigo lake likipinda. Akageuka akanitazama mimi, si kwa kunishuku. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia anavyomtazama mwenyeji. Nikatazama chini. Wa tatu akasogeza miguu, ukazidi kwenda kushoto. Kuanzia hapo alikuwa anabahatisha. Aliingiza mitatu.

Mimi niliingiza saba.

Mwalimu hakusimama pamoja na wengine. Alikuja mpaka nilipo, akaniuliza taratibu, watu wasisikie: "Wewe nasimama kule kila asubuhi. Habari ya mpira ya Suleimani?"

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Ningalisema, Bwana, ilikuwa inakwenda kushoto, nami nilizihamisha chelewa. Angalinifukuza, na mlamu wangu angalipewa jaribio la pili. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama palepale.

"Nzuri, bwana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwambia Katibu aandike jina langu. Nilifanya kazi chini yake miaka mitatu, akanifundisha kila alichokijua, lakini tangu siku ile hakuniuliza tena habari ya mpira. Alikwenda kutazama mwenyewe. Alipoondoka kurudi kwao alimpa mkono kila kedi, na mimi pia, akasema kwaheri, basi.

Tulirudi nyumbani pamoja siku ya jaribio, mimi na Suleimani. Alinipongeza. Karibu na njia ya Munje akasema, "Mikono yangu imenigeuka, mlamu. Kumbe siijui." Hakushika fimbo tena hata Jumatatu. Alibaki kilabuni akikata majani na kuburura ubao kwenye brauni, mahali nilipopita mimi kila siku na viatu vyangu. Akaniita Mwalimu, akivua na kofia.

Makedi wakampa jina. Wakamwita Kushoto. Kedi mmoja mtani alikuwa akimwuliza kila wakati wa chakula, "Kushoto, leo unakula kwa mkono gani?" Watu wakicheka mpaka chini. Jina likatoka kilabuni likaingia kijijini, likawafika wanawe. Miaka mingi baadaye tulikuwa kwenye nikahi ya binti yake mkubwa, mimi nikiwa nimekaa mbele kwa kuwa ndimi mjomba. Mzee wa upande wa bwana harusi aliinama akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Huyu ndiye binti wa yule Kushoto?" Nikajibu ndiye. Pilau ilikuwa mbele yangu, nikaila.

Mwaka 1974 kilabu ilianza kufa na mimi nikavuka Likoni kwenda kufundisha Mombasa. Katibu wa huko alikuwa Mgoa mmoja mkali wa saa. Ukichelewa dakika tano alikutazama kama umemwibia. Niliingiza chelewa kwake. Wanachama walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana walianza kushinda. Pale ndipo nilipoongeza jambo langu mwenyewe: mwanafunzi aseme mpira utatua wapi kabla ya kutazama. Akisema katikati na chelewa iko kulia, basi macho yake yanamdanganya, na hilo ndilo la kutibu kwanza.

Mwaka 1983 hoteli moja ya Diani ilinirudisha huku. Meneja wake, Mjerumani, aliniita ofisini wiki ya kwanza. Wageni walikuwa wamelalamika kwamba mzee wa gofu anawaambia makosa yao.

"Wako likizo," akaniambia. "Waambie wote wamepiga vizuri."

Nikamwambia kazi hiyo siijui, atafute mtu wa jikoni awawekee sukari. Hakunifukuza. Wageni walirudi mwaka baada ya mwaka wakimtaka yule mzee asiyedanganya. Vijana wa bara waliokuja Ukunda kutafuta kazi, wenye Kiswahili chao cha kukatakata, walikuwa wakinisalimu, "Shikamoo, Mzee wa Ukweli." Kila nilipoliitikia jina lile nilihisi kama ninavaa kanzu ya mtu mwingine, tena akiwa hai, tena anaishi hatua mia tatu kutoka kwangu.

Nilistaafu mwaka 1997. Mtu akifanya kazi hana nafasi ya kufikiri; akistaafu anayo tele. Nilikaa na jambo lile miaka mitatu. Kisha asubuhi moja nilikwenda kwa Suleimani. Nilimkuta uani anafua nazi, anaipigilia kwenye kifuo na kulivuta ganda. Dada yangu alikuwa ndani. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia moja kwa moja bila kuzunguka: chelewa zako nilizihamisha, wiki zote mbili.

Hakuacha kufua. Alimaliza ile nazi, akachukua nyingine, akaishika tu.

"Ulizihamisha kiasi gani?"

"Hatua tatu. Mara nyingine nne."

"Kwa hivyo mikono yangu haikugeuka siku ile. Ilikuwa ikienda kushoto tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo."

"Ungaliniambia, ningalirekebisha kwa siku ngapi?"

"Moja," nikasema. "Asubuhi moja."

Akaicheka hiyo asubuhi moja, kicheko kifupi kisicho na furaha. Nikaanza kumwomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. "Usinililie mimi, Bakari." Hakuniita mlamu. "Mimi nimeshazeeka nalo. Nenda kawaambie walionibandika jina."

Wengi wao wamekufa. Nilipata watano walio hai, mmoja Shimoni, wawili Msambweni, mmoja Galu na mmoja hapahapa Munje, ndiye yule mtani wa chakula. Nilikwenda kwa kila mmoja mchana, mbele ya watu wake, nikasema nilichokifanya. Yule wa Shimoni alinitoa uani kwake. Yule mtani alilia, akasema nimemfanya ale nyama ya mtu miaka thelathini na mitano bila kujua. Na kwa kuwa wapo ambao siwezi kuwafikia kwa miguu, nimemwomba mwalimu wa madrasa anisahihishie herufi, nikaandika.

Basi nyinyi mnaofundisha: chukueni mipira kumi, si sitini. Mwekeeni mtu shabaha. Mwacheni aone mwenyewe mpira wake ulipotua, na kama hawezi kuona, nyinyi ndio macho yake. Msimhurumie hata kwa hatua moja. Suleimani hajaniambia kwamba amenisamehe. Tunasalimiana msikitini. Akiniuliza habari, namwambia ilivyo, hata ikiwa mbaya, na yeye husikiliza mpaka mwisho.

Leo hii nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, yenye bati. Nina kisima cha saruji. Nina minazi arobaini na mitatu, mikorosho tisa, na shamba la muhogo lisilofika ekari mbili. Nina ng'ombe wawili na ndama. Nina baiskeli, redio, na vitanda vitano vya mninga. Nina seti moja ya fimbo za gofu, inakosa moja. Vyote nimevinunua kwa mshahara wa mwalimu.